Kulungu wa Minnesota: msimu umefungwa, kazi ya Novemba ijayo inaanza sasa kwenye theluji

#1 Msasi wa Mabonde

Wakuu, heri ya mwaka mpya.

Msimu wa upinde ulifungwa tarehe 31 Desemba. Bunduki zimeshasafishwa na kurudi kabatini, na waliojaliwa wana nyama kwenye friza. Najua wengi wenu hamtakanyaga tena msituni mpaka Septemba. Nafungua uzi huu kuwaomba msisubiri, kwa sababu miezi mitatu inayokuja ndiyo inayonilisha mimi.

Niko Rochester na nawinda upande huu wa kusini-mashariki, hasa ardhi ya umma ya Whitewater na mashamba mawili niliyopewa ruhusa. Kwa wasiopajua, barafu kuu za kale zilizosawazisha sehemu kubwa ya jimbo hazikufanya hivyo huku. Ndiyo maana tuna vilima vikali, mabonde membamba, chemchemi na migongo mirefu ya mialoni juu. Nitakayosema yanahusu nchi ya namna hiyo. Walioko kaskazini kwenye misonobari na mabwawa watatusahihisha.

Nianze na kosa langu, maana nadhani wengi wanalirudia. Mwaka wangu wa kwanza wa kupeleleza nilitoka katikati ya Januari, theluji ikiwa imefika nusu ya muundi. Nikakuta mteremko unaotazama kusini juu ya shamba la mahindi yaliyovunwa. Nyayo zilikuwa nyingi mpaka njia imekuwa kama ya ng'ombe kwenda josho. Malalo yalikuwa zaidi ya thelathini, theluji imeyeyuka kwa umbo la mwili. Nikarudi nyumbani nimeshiba furaha. Agosti nikajenga dungu pale pale. Novemba nikakaa siku tano kutoka giza hadi giza, nikaona jike mmoja na watoto wake, basi.

Nyayo hazikunidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza swali moja nikachukua jibu la jingine. Januari kulungu anatafuta vitu viwili tu, jua la mchana na chakula kisichomgharimu nguvu. Mteremko wa kusini unampa jua, mahindi yaliyodondoka yanampa chakula. Novemba yuko kwenye mambo mengine kabisa: madume wanatafuta majike, majike wanakwepa madume, majani na mbegu bado zipo kila mahali. Nyayo za leo zinakuonyesha anavyonusurika leo. Unachotakiwa kukisoma wakati huu ni makovu aliyoacha Oktoba na Novemba, ambayo sasa yako wazi kwa sababu majani yamedondoka na magugu yamelala.

Nitaendelea jioni nikitoka kazini. Maswali yaanze.

#2 Mwalimu Chambuzi

Mkuu, naweka kambi. Ila kabla hujaenda mbali, huyo si kulungu. Kulungu wa nyumbani ana pembe za kudumu kama mbuzi, akizipoteza hazioti tena. Huyu wa Marekani anadondosha pembe kila mwaka na kuotesha mpya. Neno la Kiswahili lipo, ayala, na waliosoma Zaburi ya 42 wanalijua.

#3 Msasi wa Mabonde

Mwalimu, nakubali kabisa, na tofauti hiyo ina kazi kwenye uzi huu. Pembe za kulungu wa nyumbani ni ganda gumu juu ya mfupa, la maisha yake yote. Za huyu ni mfupa mtupu, unaoota kuanzia masika ukiwa umefunikwa ngozi laini yenye manyoya. Ngozi hiyo hukauka na kubanduka mwanzoni mwa Septemba. Homoni za kiume zikishuka baada ya msimu wa kupandana, kiungo kati ya pembe na fuvu kinalegea na pembe inaanguka. Huku kwetu nyingi huanguka kati ya mwisho wa Desemba na Machi. Kwa hiyo ukiokota pembe Machi umepata habari kwamba dume yule alivuka msimu wa bunduki akiwa hai.

Lakini ndugu zetu wote hapa Minnesota, Iowa na Wisconsin wanasema kulungu. Nikianza kusema ayala watadhani nahubiri. Naomba turuhusiane kulungu kwenye uzi huu.

#4 Msasi wa Mabonde

Sasa nondo zenyewe.

Cha kwanza ninachotafuta ni miti iliyochubuliwa. Dume hukwangua gome kwa pembe na paji la uso, akiacha harufu yake pale. Kovu linabaki jeupe au la rangi ya chungwa majira yote ya baridi, na mwezi huu unaliona kutoka mbali. Miti myembamba kama fimbo inaweza kuwa ya dume yeyote. Ukikuta mti mnene kama paja lako umekwanguliwa, mara nyingi hapo amepita mkubwa. Mti mmoja peke yake haukwambii sana. Tafuta msururu. Tazama pia upande gani wa mti umechubuliwa, kwa sababu dume hukwangua upande unaomkabili akitembea. Makovu yote yakitazama vichakani, alikuwa anatoka vichakani. Yakitazama shambani, alikuwa anarudi kutoka shambani, na hiyo kwa kawaida ni safari ya alfajiri.

Kisha kuna mikwanguo ya ardhini, yaani sehemu dume amepura majani kwa kwato hadi udongo ukawa wazi, akakojoa. Kwenye theluji nzito huioni. Ila juu yake karibu kila mara kuna tawi lililoinama usawa wa uso wa kulungu, ncha zake zimetafunwa na kuvunjwavunjwa. Tafuta tawi, halafu fukua theluji chini yake. Miaka ya mwanzo niliheshimu sana mikwanguo, siku hizi kidogo tu, kwa sababu wengi wanaitembelea usiku. Ikiwa ndani kabisa ya msitu karibu na malalo naiweka kwenye ramani. Ikiwa ukingoni mwa shamba naipita.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sijaona watu wakilisema: mialoni. Mwaloni mweupe unadondosha mbegu Septemba na Oktoba, nazo si chungu sana, kwa hiyo kulungu wanazimaliza kwanza. Mbegu za mwaloni mwekundu ni chungu, zinadumu chini ya theluji, na wanazirudia wakati wa njaa. Sasa fikiria mtu anayetembea Januari. Anaona theluji imefukuliwa kila mahali chini ya mialoni myekundu, anasema hapa ndipo. Hapo ni Januari! Dungu la Oktoba liko chini ya mwaloni mweupe ambao leo hauna hata unyayo mmoja. Kuitofautisha ni rahisi. Mialoni mingi hubaki na majani makavu baridi nzima. Ncha za jani la mweupe ni za mviringo kama vidole, za mwekundu zimechongoka. Ukiwa na shaka, okota jani chini.

Na cha mwisho ni ardhi yenyewe. Bila majani unaona umbo lote la kilima. Naangalia mahali mgongo unaposhuka kidogo katikati kama shingo kabla ya kupanda tena, maana kulungu anayevuka kutoka bonde hadi bonde hupenda kupita hapo. Naangalia msitu unapobanwa kati ya genge na shamba ukabaki upana wa hatua thelathini. Naangalia vijukwaa vya asili ubavuni mwa mteremko mkali. Haya yote unaweza kuyakisia nyumbani kwenye ramani ya kontua au programu kama onX, halafu unakwenda kwa miguu kuhakikisha. Theluji ya Januari haibadilishi kontua, kwa hiyo hapa hakuna kudanganyika.

#5 Kadogo wa Kivu

Ndugu yangu Msasi, asante sana. Mimi niko Duluth, na huku nakuomba uongeze onyo kubwa.

Kaskazini theluji ikizidi, kulungu wanaacha makao yao ya vuli na kutembea hata kilomita kadhaa hadi kwenye misitu minene ya mierezi na misonobari. Matawi yanazuia theluji na upepo, nao wanakaa pamoja, wanakanyaga njia chache na kuzitumia hizo hizo. Mtu akiingia pale na viatu vya theluji na mbwa, wanakimbilia kwenye theluji inayowafika tumboni. Kulungu wa Februari anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini Oktoba. Mwili wake umejipunguza mwendo ili yasimwishie kabla ya Aprili. Kila ukimkimbiza umechukua katika akiba ile. Watoto wa mwaka jana ndio wa kwanza kufa, na mbwamwitu wapo karibu wakisubiri aliyechoka.

DNR, yaani idara ya maliasili ya jimbo, wana hesabu yao ya ukali wa baridi. Kila siku ambayo theluji chini ina inchi 15 (kama sentimita 38) au zaidi wanahesabu pointi moja. Kila siku joto linaposhuka hadi sifuri ya Farenhaiti, yaani -18 ya Selsiasi, au chini yake, pointi nyingine. Jumla ya msimu ikizidi 180 ni baridi kali. Mwaka wa namna hiyo mimi siingii kabisa mpaka theluji ishuke.

Na kwa mfano wako, hata ningeingia ningepata nini? Wale si wakazi wa pale. Novemba watakuwa kilomita nyingi kutoka hapo.

#6 Msasi wa Mabonde

Kadogo, hili nilipaswa kuliweka kwenye andiko la kwanza kabisa. Wakuu, lisomeni mara mbili. Hata huku kusini natembea saa za mchana, naepuka miteremko ya kusini siku za baridi kali, na nikiwaona wamelala nazunguka mbali.

Wenzetu wa Colorado sheria imewasaidia: kuokota pembe kwenye ardhi ya umma magharibi mwa barabara ya I-25 ni marufuku kuanzia Januari 1 hadi Aprili 30, kusudi wanyama wapumzike. Hapa hatuna katazo la namna hiyo, kwa hiyo inabaki juu yetu.

#7 Fundi Kamera

Mkuu naheshimu, ila miguu imepitwa na wakati. Mimi nina kamera sita nilizofunga msituni, zinanitumia picha kwenye simu. Nikikaa zangu Brooklyn Park najua dume gani yuko hai. Kwa nini nikafukuze kulungu?

#8 Msasi wa Mabonde

Fundi, kamera ninazo mbili na nazipenda. Zinakwambia *nani* na *saa ngapi*. Hazikwambii alikotoka wala njia aliyofuata hatua ishirini nje ya lenzi. Tena mwisho wa Januari wengi wameshadondosha pembe, utatofautisha vipi dume wa miaka miwili na jike mkubwa kwenye picha ya usiku? Nakushauri zitumie Desemba wakati pembe bado zipo, weka betri za lithiamu maana za kawaida zinakata pumzi kwenye baridi, halafu Machi nenda kwa miguu mahali kamera ilipokuonyesha. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

#9 Mama Neema

Habari zenu wanangu. Naomba niseme kuhusu ruhusa ya mashamba, maana wengi wenu mnaogopa kugonga milango.

Mimi niko Owatonna na nawinda na mume wangu. Mwaka wa kwanza tuligonga mwisho wa Oktoba. Wote walikataa, kwa sababu wiki ile kila mtu anagonga na wao wako kwenye mavuno. Mwaka uliofuata nikaenda Februari, Jumamosi saa nne asubuhi, gari nikaliacha wazi mbele ya nyumba, nikaenda peke yangu. Nikasema jina langu, ninapokaa, ninapofanya kazi, na kwamba naomba kwanza kutembea tu bila silaha kutazama alama. Wa kwanza alikataa, wa pili alikataa, wa tatu, bibi mmoja mjane, alinikaribisha ndani. Kumbe kulungu walikuwa wanamlia soya yake mwaka mzima.

Yule bibi alinifundisha kitu ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Aliniambia shamba lipi mwaka huu litapandwa mahindi na lipi soya, maana wanabadilishana kila mwaka. Mahindi yakichelewa kuvunwa, Novemba kulungu wanalala humo humo na msituni huwaoni. Kwa hiyo dungu lililofaa mwaka jana linaweza kukosa kazi mwaka huu kwa sababu ya zao tu. Muulizeni mwenye shamba.

Ruhusa tunaiomba upya kila mwaka, tunafunga kila geti, na baada ya msimu nampelekea nyama iliyokatwa vizuri na sambusa. Na mjue sheria ya hapa: shamba la kilimo huingii bila ruhusa hata kama hakuna kibao cha katazo.

#10 Msasi wa Mabonde

Mama Neema, shikamoo, na asante sana. Hiyo ya kubadilisha mazao miaka tisa sikuwahi kuifikiria kuuliza. Jumamosi hii naenda kumwona mwenye shamba wangu.

#11 Dogo wa Faribault

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni, nimetoka Nakuru miaka miwili iliyopita, na kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo sijawahi kushika hii kazi. Nahitaji nini ili nianze? Na nyama yenyewe ni salama? Nimesikia kuna ugonjwa.

#12 Msasi wa Mabonde

Marahaba dogo. Kutembea na kutazama kwenye ardhi ya umma hakuhitaji leseni, anza wikendi hii. Kuwinda kunahitaji, na aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Yafanye sasa usije kuhangaika Agosti.

Mavazi: usivae pamba karibu na ngozi, ikilowa jasho inakugandisha. Sufu ndani, kitu cha kukinga upepo juu, soksi za akiba mfukoni. Tembea polepole usitoke jasho. Usiamini barafu ya kijito chenye maji yanayokwenda, hasa huku kwenye chemchemi. Mwambie mtu unapoegesha gari na saa utakayorudi. Simu iweke karibu na mwili, baridi inamaliza chaji.

Ugonjwa ndiyo, upo, unaitwa CWD. Ni protini zilizojikunja vibaya zinazoharibu ubongo, mnyama anakonda mpaka anakufa, na hauna tiba. Uligunduliwa Colorado 1967, ukafika Wisconsin 2002, na hapa kwetu kulungu wa porini wa kwanza alithibitishwa mwanzoni mwa 2011. Tangu 2016 uko kaunti ya Fillmore, jirani kabisa na mimi. Haijathibitika kwamba umewahi kumwambukiza binadamu, lakini ushauri wa wataalamu ni kutokula mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Mimi kila kulungu wangu napeleka sampuli, na nyama haiguswi mpaka majibu yatoke. Ukikuta kulungu amekonda, anadondosha mate, hakukimbii, usimguse, wapigie DNR. Ukikuta mzoga wenye fuvu na pembe, vile vile piga simu kabla hujabeba chochote. Na usimwage mahindi msituni kuwavuta. Pua nyingi kwenye chungu kimoja ndiyo njia mojawapo ya kuueneza, na katika kaunti nyingi za huku kumekatazwa kabisa.

#13 Msasi wa Mabonde

Wakuu, leo ni juma la kwanza la Aprili, narudi na mrejesho.

Theluji imeisha, nyasi bado hazijaota. Hizi wiki mbili tatu ndizo bora kuliko zote. Ardhi imetoka kwenye jokofu, na kila kilichofanyika Novemba kimehifadhiwa kama kilivyokuwa.

Jumapili nilitembea saa sita. Nilianza kwenye shingo ya mgongo mmoja niliyoiona kwenye ramani Januari. Kulikuwa na njia iliyochimbika kwenye udongo, na mti mmoja wa mwerezi mwekundu umekwanguliwa mpaka ndani, kovu la miaka kadhaa juu ya kovu. Nikafuata makovu, saba, yote yakitazama upande mmoja. Yakanipeleka theluthi ya juu ya mteremko wa mashariki, nyuma ya mti ulioanguka. Hapo palikuwa na lalo moja, kubwa, limechimbika, na manyoya mazito ya baridi yamenasa kwenye majani. Halikuwa na ndugu zake wadogo pembeni kama yanavyokuwa ya jike na watoto.

Nilikaa humo ndani yake. Nawashauri wote mfanye hivyo, mara moja tu, mwezi huu. Upepo wa magharibi ulikuja kutoka nyuma yangu juu ya mgongo. Mbele niliona bonde lote hadi barabarani, pamoja na njia niliyokuwa naitumia miaka mitatu kupanda kwenye dungu langu. Alikuwa ananiona kila alfajiri nikija na taa. Miaka mitatu! Nilisikia uchungu, lakini nikaelewa.

Hatua kama arobaini chini yake niliokota pembe ya kushoto, ncha tano, panya wameshaanza kuitafuna chini. Yuko hai, au alikuwa hai Februari.

Nimechagua mti mpya, mwaloni mweupe chini ya shingo, na njia ya kuingia ni kijito chenyewe, kutoka kusini, nikitembea majini na mabuti ya mpira. Nimepunguza matawi matatu kwenye shamba la ruhusa, kwenye ardhi ya umma sikati hata kijiti. Sirudi tena pale mpaka mwisho wa Oktoba.

Onyo la Aprili: kupe wameamka. Joto likipita kidogo tu kuganda wanatembea, na ndio wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Ingizeni suruali ndani ya soksi, mkirudi jikagueni mwili mzima. Nilitoa wawili.

#14 Dogo wa Faribault

Mkuu, nimetoka leo mara ya kwanza kwa vile ulivyoeleza. Nimepata mwaloni mweupe, majani ya mviringo nimeyaokota na kuyaangalia mara tatu. Hatua ishirini kando kuna mti umechubuliwa, mnene kuliko mkono wangu. Pembe sijaona. Nifanye nini sasa?

#15 Msasi wa Mabonde

Safi sana dogo. Kovu linatazama wapi?

#16 Dogo wa Faribault

Linatazama kwenye vichaka, mgongo kwa shamba.

#17 Msasi wa Mabonde

Basi alikuwa anatoka kulala, jioni, akielekea kula. Ingia upande wa vichaka, polepole, utafute wa pili.